Ramani, dira na ukungu: nilivyoipenda milima ya Uskoti

Mama yangu yuko Lushoto na kila nikimpigia Jumapili jioni swali ni lile lile, mwanangu leo tena ulikua mlimani, ehe, na huko juu mnafuata nini? Maana kwetu mtu hapandi mlima bure, unapanda kwasababu shamba liko juu, au unaenda kuni, au kuna msiba kijiji cha upande wa pili, na ukishuka unashuka na kitu kichwani. Miaka ya mwanzo nilikua sina jibu, namwambia mama ni mazoezi tu, naye anasema haya mwanangu, lakini sauti inaonesha kabisa hajaridhika. Sasa hivi jibu ninalo na ndo maana naandika, hasa kwa Waswahili wenzangu mliopo Uskoti au mnaokuja kusoma au kufanya kazi, kuna raha kubwa kabisa huku haina kiingilio na wengi wetu tunaiona dirishani mwa treni tu.

Mimi nahudumia wazee Glasgow, zamu nyingi za usiku. Miaka miwili ya kwanza maisha yalikua kazi, basi, chumba, kazi. Na kilichokua kinaniuma sio baridi wala upweke kama watu wa nyumbani wanavyodhani, ni kule kuuliza. Yaani kila kitu unauliza, unauliza basi lipi linaenda wapi, fomu hii inajazwaje, huyu bwana kasema nini maana lafudhi ya Glasgow ukiisikia mara ya kwanza unadhani ni lugha nyingine kabisa, mtu mzima na akili zako timamu unaongozwa kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Lilikua linanikaa rohoni sana hili.

Mlima wa kwanza ulikua Ben Lomond, dada mmoja wa kazini alinichukua kwa gari lake mwezi wa 4. Nilisoma kabla kwamba una mita 974 nikajisemea hii ni nini sasa, mimi ni mtoto wa Usambara, Lushoto mjini penyewe ni karibu mita 1400, yaani hata Ben Nevis ambao ndo mrefu kuliko yote Uingereza nzima, mita 1345, uko chini ya sokoni kwetu. Kumbe hesabu ya huku haiendi hivyo. Pale Rowardennan unaanzia ukingoni mwa ziwa Loch Lomond na ziwa lenyewe liko mita kama 8 tu juu ya bahari, kwahiyo karibu mlima wote unaupanda kwa miguu yako, halafu uko kaskazini sana ya dunia, joto linashuka kama digrii 6 na ushee kwa kila kilomita unayopanda na upepo juu yake. Nilivaa jinzi na raba. Mvua ikaja, na jinzi ikilowa inakua gunia la maji limekushika mapaja, hailainiki wala haikauki, nilitetemeka hadi meno yakawa yanagongana na yule dada akanivua sweta akanivisha lake. Kwahiyo kama hujachukua kitu kingine hapa chukua hiki, usivae jinzi mlimani, nunua koti la mvua na suruali ya mvua, hata za mtumba, maduka ya hisani huku zinapatikana kwa bei ndogo.

Ila juu kule wingu lilifunguka, labda dakika mbili tu. Nikaona ziwa zima na visiwa vyake vimetawanyika kama mtu kamwaga maharage kwenye sinia la maji, halafu likafunga tena. Nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa na wiki nzima nikawa naona zile dakika mbili nikifumba macho.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba hakuna geti. Sisi tumezoea Kilimanjaro, unalipa ada za hifadhi, lazima uwe na mwongoza wageni, kuna kujiandikisha, na sisemi ni vibaya kwasababu watu wetu wengi wanakula kwa kazi ile. Lakini Uskoti kuna sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu, hata mimi mgeni wa juzi, haki ya kutembea karibu kila mahali, mlima wa lord au wa nani, ilimradi usiharibu, ufunge mageti ya mifugo na uwe mstaarabu. Hata hema unaruhusiwa kupiga, ingawa sehemu chache kama kando ya Loch Lomond zina masharti yake majira ya watalii. Mara ya kwanza kuvuka uzio wa mtu nilikua nageuka nyuma kila saa nikisubiri kufukuzwa, na hakuna aliyekuja.

Basi nikaanza kwenda. Wenzangu wengi wanahesabu Munro, maana mwaka 1891 bwana mmoja Sir Hugh Munro alitoa orodha ya milima yote ya Uskoti inayozidi futi 3000, yaani mita 914, na leo orodha ina milima 282, kuna watu wanatumia maisha yao yote kuimaliza. Yeye mwenyewe alifariki 1919 hajaimaliza. Mimi sihesabu, sina ugomvi na wanaohesabu ila nimeona mtu akifika juu anapiga picha anaweka tiki kwenye simu anashuka mbio, nami naona amepitwa na jambo.

Sasa nije kwenye siku iliyonibadilisha. Kuna stesheni inaitwa Corrour, kwenye reli ya Glasgow kwenda Fort William, iko mita 408 juu katikati ya nyika ya Rannoch na hakuna barabara ya umma inayofika pale, ni treni au miguu yako. Reli yenyewe ilifunguliwa 1894 na sehemu ile walikuta tope la mboji halina mwisho, wakaweka matawi na mizizi ya miti na udongo na majivu reli ikakaa juu yake kama inaelea. Unashuka treni inaondoka, na pale kimya kinakuingia masikioni hadi unasikia damu yako mwenyewe. Mwezi wa 9 tulienda watatu, wote wafanyakazi wenzangu, kupanda Beinn na Lap, mita 935, watu wanasema ndo mojawapo ya Munro rahisi kuliko zote. Na kweli kupanda kulikua rahisi, mgongo mpana wa nyasi, juu karibu na kilele kuna kiziwa kidogo, tukala mandazi yangu, ukungu ukatushukia hivi hivi tunaona. Mzito. Mkono ukiunyoosha unaona kucha kwa shida.

Tulikua tunafuata simu na simu ikazimika kwa baridi, betri ilikua na asilimia 30 ikafa. Mmoja wetu akasema njia ni hii, akasema kwa uhakika kabisa, sisi tukamfuata. Tukashuka dakika kama ishirini hivi. Mimi ndo niliyehisi kuna kitu hakiko sawa na sikujua nahisi kwa nini, ila tulipopanda upepo ulikua unanipiga shavu la kushoto, kwahiyo tukirudi tulikotoka ulitakiwa unipige la kulia, nao ulikua unanipiga usoni. Na ardhi ilikua inaanguka kwa kasi kuliko tulivyopandia. Nilinyamaza. Ndo kinachoniuma hadi leo, nilinyamaza dakika kumi nzima kwasababu nilishazoea kwamba huku mimi ndo muulizaji sio msemaji, wao ndo wa huku wanajua. Niliposema tukasimama, tukabishana, tukarudi juu tulikotoka, na bahati njema ukungu ukainuka kidogo tukaona kumbe tulikua tunashuka upande wa kaskazini, kwenye bonde jingine kabisa ambalo hatukua na biashara nalo. Treni ya jioni tuliiwahi tukikimbia kwenye tope, matope hadi kiunoni, usubi wanatula shingoni (hawa usubi wa Uskoti ni wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa na upepo ukitulia tu wanakuja elfu kwa elfu, nunua chandarua cha kichwa). Kwenye treni wenzangu wakalala. Mimi sikulala, nikawa nawaza, kwanini mwili wangu ulijua na mdomo ukakaa kimya.

Nikaamua nijifunze ramani. Nikajiunga na kikundi cha kutembea na humo kuna bibi mmoja mstaafu, nywele nyeupe, miguu myembamba kama fito na hakuna anayempita kwenye mwinuko. Akanikaribisha jikoni kwake, akasukuma vikombe pembeni akatandaza ramani mezani ile ya 1:25,000 (sentimita moja ya karatasi ni mita 250 za ardhi), kubwa mpaka inaning'inia. Mimi naona mistari ya kahawia tu imejaa kama nyuzi zilizochanguka. Akaweka kidole akasema kila mstari mmoja ni urefu mmoja, ukitembea juu ya mstari hupandi wala hushuki, mistari ikibanana ni mkali, ikiachana ni tambarare.

Jamani mimi nilibaki nimeduwaa. Kwasababu hayo ni matuta! Kwetu Lushoto milima imekatwa matuta ya kontua, bibi yangu alikua akihadithia enzi za mkoloni watu walivyolazimishwa kuyachimba na walivyoyachukia kwa kulazimishwa kule, halafu baadae wenyewe waliona faida yake kwa hiari, na baba yangu marehemu alikua na fremu ya mbao yenye umbo la A, katikati inaning'inia kamba yenye jiwe, unasimamisha miguu miwili ya fremu kwenye ardhi, kamba ikitulia kwenye alama basi miguu yote iko urefu mmoja, unapiga mambo (yaani kigingi), unazungusha fremu, unapiga mambo nyingine, hadi umezunguka kilima chote. Mimi ndo nilikua nashika mambo. Nina miaka minane nashika mambo, nazungushia mlima mstari, na nimekuja hadi Glasgow nadhani sijui kusoma mlima. Nilimwambia yule bibi, akanishika mkono akasema basi wewe huanzi, unaendelea.

Na ndipo akanipeleka Schiehallion. Ni mlima wa mita 1083 huko Perthshire, ukiutazama kutoka upande mmoja unakaa kama pembetatu safi, unaanzia Braes of Foss, njia yake ya chini nzuri imetengenezwa, juu ni mawe makubwa ya kijivu yanayocheza ukiyakanyaga, nenda polepole pale magoti yako yatakushukuru. Alinipeleka pale kwa sababu maalum. Mwaka 1774 mwanafalaki wa mfalme, Nevil Maskelyne, alikaa kwenye ule mlima miezi kadhaa kwenye mvua na mawingu akiutumia kupima uzito wa dunia. Njia aliyotumia? Kamba yenye kizito, ananing'iniza upande huu wa mlima halafu upande ule, analinganisha na nyota, kwasababu mlima wenyewe unavuta kile kizito kidogo sana kikae pembeni badala ya kwenda chini wima. Halafu mtaalamu wa hesabu Charles Hutton akapewa vipimo vyote vya urefu sehemu mbalimbali za mlima apige hesabu ujazo wake, namba zilikua nyingi hadi zinachanganya, akaamua kuunganisha kwa mstari sehemu zote zenye urefu sawa. Mistari ya kontua ikapata kazi yake pale. Jibu walilopata ni kwamba dunia kwa wastani ni nzito mara 4.5 kuliko maji, leo tunajua ni kama 5.5, sasa kwa kamba na jiwe kwenye mvua ya Uskoti hawakukosea sana.

Nilikaa juu ya yale mawe nikala chapati (chapati kwenye baridi inakakamaa, mafuta yanaganda, weka mfuko wa ndani wa koti ipate joto la mwili) nikawa nawaza kamba ya Maskelyne na kamba ya baba. Zote kamba na jiwe. Sijui niseme nini zaidi, nililia kidogo na yule bibi akanimiminia chai bila kuuliza kitu.

Mazoezi yenyewe yalichukua msimu mzima na sio rahisi kama video za mtandaoni. Kuna kuhesabu hatua, kila mguu wa kushoto ukikanyaga unahesabu moja, mimi mita 100 za tambarare ni hesabu 64, kwenye mwinuko zinaongezeka. Kuna kanuni ya bwana Naismith ya mwaka 1892, kwa vipimo vya leo unahesabu saa moja kwa kila kilomita 5 halafu unaongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, mimi naongeza na muda wa chai. Kuna dira, kuelekeza, kuchagua jiwe moja mbele linaloonekana kwenye ukungu, kulifikia, kuchagua jingine. Kuna kujifunza majina pia na hii niliifurahia mno, kwasababu majina mengi ni Kigaeli, lugha ya asili ya huku, na ni ya kueleza kitu kilivyo kama majina ya kwetu, beinn ni mlima, bealach ni kipito kati ya milima, allt ni kijito, mòr kubwa, beag ndogo, dearg nyekundu, buachaille ni mchungaji. Ukishajua maneno ishirini hivi ramani inaanza kuongea na wewe, inakwambia hapa kuna maji, hapa wekundu, hapa pakali.

Na vitu vinaanza kuonekana ambavyo zamani nilivipita. Mwezi wa 8 heda, kile kimmea kifupi cha milimani, inachanua kilima kizima kinakua zambarau na ukipita viatu vinatoka na vumbi la maua. Mwezi wa 10 kulungu madume wananguruma mabondeni kugombea majike, mara ya kwanza kusikia alfajiri nilidhani ng'ombe kaanguka mahali. Mwezi wa 6 jua linazama saa nne usiku, mwezi wa 12 saa kumi jioni giza, kwahiyo tochi ya kichwani ikae kwenye begi siku zote hata kama unaenda asubuhi. Na ukirudi jikague kupe, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo, kupe wa huku wengine wana ugonjwa wa Lyme.

Mwaka jana mwezi wa 5 kikundi kikapanga Ben Lawers, mita 1214, juu ya ziwa Tay. Unapita kwanza Beinn Ghlas, mita 1103, ambao ni Munro kamili peke yake ila watu wengi wanaukanyaga wakidhani ni bega tu la mkubwa. Yule bibi goti lilikua linamsumbua hakuja. Tulipofika juu ya Beinn Ghlas ukungu ukafunga kama siku ya Corrour, na theluji ya mwisho ilikua bado imelala kwenye mapengo imeficha njia, tukawa watu sita tumesimama hatuoni chochote, nyeupe chini nyeupe juu.

Sikunyamaza. Nilitoa ramani nikasema tunashuka kaskazini mashariki hadi kwenye kipito, halafu ardhi itaanza kupanda tena, isipopanda baada ya hesabu yangu tunasimama. Nikaweka dira, nikatangulia. Moja, mbili, tatu. Ukiwa kwenye ukungu na unahesabu dunia inakua ndogo sana, ni sindano nyekundu, ni kidole gumba chako kwenye ramani, ni nyasi zilizolala na barafu iliyoshika upande mmoja tu wa kila jani, ule unaotazama upepo. Ndege mmoja wa milimani, kama kwale, akakoroma karibu yetu kama bawaba kavu ya mlango, akasimama anatuangalia, manyoya nusu meupe ya baridi nusu ya kijivu ya kiangazi, hakuruka. Nikafika hesabu yangu na ardhi ikaanza kupanda, pale pale ilipotakiwa.

Mzee mmoja wa Kiskoti, mtu amezaliwa Perthshire, amepanda milima hii tangu mtoto, akaja hadi begani kwangu na miwani imejaa matone, akaniuliza, samahani, tuko wapi sasa? Nikachuma jani la nyasi nikalitumia kama kijiti nikaonesha kwenye ramani. Tuko hapa. Akasema ahsante, akarudi kwenye mstari wake.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuwa mgeni ataelewa kilichopita moyoni mwangu pale.

Kileleni hatukuona kitu, ukungu mwanzo mwisho, na ile ndo siku niliyofurahi kuliko zote mlimani. Siku nyingine nimegeuza njiani pia, upepo ukinishinda nageuza, huku waokoaji wa milimani ni watu wa kujitolea hawalipwi, wanaacha kazi na familia zao usiku kuja kukutafuta, kwahiyo ukipata shida ya kweli piga 999 omba polisi halafu uokoaji wa milimani, ila usiwatoe nyumbani kwa sababu ya ubishi wako.

Jumapili ile nikampigia mama nikamweleza yote, ukungu, hesabu, mistari. Nikamwambia mama ile mistari kwenye ramani ni matuta ya baba. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Akasema, kwahiyo Wazungu wamepotea kwenye mlima wao wewe ukawashika mkono? Nikasema hawakupotea mama, walikua hawaoni tu. Akasema haya, na hayo matuta yao wamepanda nini? Nikamwambia hayapo, yako kwenye karatasi tu, juu kule ni nyasi na mawe. Akasikitika kweli, ardhi yote hiyo. Halafu akasema likizo ukija uje na hiyo dira yako, tuta la juu la babako limebomoka na mvua za masika, na ile fremu bado iko darini.